Usigeuke Kushoto

Polisi walikirudisha kielekezi, ile mashine ya garini ya kuonyesha njia, siku ya Alhamisi, ndani ya mfuko mmoja na viatu vya marehemu. Vitu vingine vya Langa, saa, mkanda, na pochi iliyovimba kwa maji, vilitiwa kwenye bahasha ya kaki. Mzee Mbangiseni Ntshangase aliambiwa atie sahihi mahali patatu, na kila alipomaliza sahihi moja, askari wa kaunta aliigeuza karatasi kwa kidole kimoja bila kumtazama.

"Nina swali, mwanangu," mzee alisema.

"Uliza."

"Mahali penyewe. Pale alipofia."

Askari akafunua jalada. "Barabara ya msituni, kwenye maji, kilomita kumi na nne."

"Kumi na nne kutoka wapi?"

"Haikuandikwa."

"Na aliyeandika?"

"Yuko likizo, simu yake haipatikani. Mzee wangu, sisi kazi yetu ni kuuokota mwili, na mwili mmeshapewa. Idara ya mizimu hatuna." Wenzake wawili waliokuwa nyuma wakacheka, kisha mmoja akajikohoza, maana kumcheka mfiwa ni aibu hata kwa polisi.

Mzee akashukuru. Ndiyo, alishukuru! Miaka ishirini na saba aliendesha basi la Johannesburg hadi Nongoma, na abiria walimwita Ramani, lakini siku ile alishukuru kwa kuambiwa kwamba barabara aliyoiulizia haina mwanzo. Alitoka na mfuko wake, akaketi kwenye kiti cha mbele cha gari dogo la binti yake Thobile, akaupakata.

"Wamekwambia wapi?" Thobile akauliza.

"Hawapajui."

"Hawapajui kabisa?"

"Endesha, mwanangu. Mama yako anangoja."

&nbsp;

Nyumbani kampuni ya malori iliyomwajiri Langa ilikuwa imeleta magunia mawili ya kabichi na barua. Barua ilisema kwamba kampuni inasikitika, na kwamba dereva aliiacha barabara iliyoidhinishwa kwa hiari yake mwenyewe. Falakhe, mdogo wake mzee, aliisoma mara mbili kwa sauti mbele ya wanawake waliokuwa wakimenya viazi.

"Kwa hiari yake," alisema. "Mnaelewa maana yake? Maana yake kuleni kabichi, jeneza mtajijua."

MaXulu, mama mzazi wa Langa, hakuwa na habari na barua. Alimshika mumewe mkono pale pale mlangoni, kabla hajavua kofia.

"Umepajua mahali, Baba Langa?"

"Hawapajui."

"Hawapajui, au hukuuliza vizuri?"

"Nimeuliza, mke wangu. Wanasema msituni, kwenye maji."

"Msituni!" MaXulu alipiga makofi mara moja, makofi makavu. "Msitu ule wa mikaratusi unakwenda siku nzima, na mti huu ni sawa na mti ule. Mimi siziki ganda tupu, nakwambia mapema. Kesho mchana mwili unafika kutoka mochari, Jumamosi tunazika. Na mwanangu mwenyewe yuko wapi? Amekaa huko kwenye baridi, anangoja aje mtu wa kwao na tawi la mkunazi amwambie twende. Tukimzika bila kumchukua, atakaa pale milele akiwasimamisha wenye magari. Unalitaka hilo?"

"Shemeji," Falakhe akaingilia, "twende popote mle msituni tukamwite. Roho ina masikio."

"Ng'ombe wako akipotea, Falakhe, humtafuti popote. Unaanzia pale alipoonekana mwisho. Au mwanangu hana thamani ya ng'ombe?"

Nyuma ya pazia, Nomcebo, mjane wa Langa, alikuwa amekaa juu ya godoro kama ilivyo desturi, na kilio chake kikaanza upya, kile cha chini kisichokuwa na maneno.

Thobile alikuwa ameushika ule mfuko. Alikuwa nesi wa zahanati, na mikono yake haikuweza kukaa bure penye msiba. Alikitoa kielekezi, akakifuta kwa kanga yake. Kilikuwa kidogo, kinaenea kiganjani, na kile kikombe chake cha mpira cha kung'ang'ania kwenye kioo cha gari bado kilikuwa na kipande cha kioo. Maji hayakukifikia. Alikwenda nacho garini, akakichomeka kwenye umeme, na baada ya muda wote wakamsikia akiita.

"Mama! Njoo! Kinawaka!"

Walimzunguka. Kwenye uso wa kile kifaa palikuwa na mstari mwembamba, na mwisho wa mstari palikuwa na bendera ndogo.

"Hiki hukumbuka mahali kilipokatiwa umeme," Thobile alisema. "Injini ilizimika hapa. Hapa, Mama. Kaka yuko hapa."

MaXulu aliigusa ile bendera kwa ncha ya kidole, taratibu, akaogopa kuibonyeza.

"Tutakifuata," alisema.

"Hatukifuati." Mzee alisema hivyo kwa nguvu kuliko alivyokusudia, watu wakageuka. "Hicho ndicho kilichomuua mtoto."

"Baba, kilimwonyesha njia tu."

"Njia gani? Njia ya mwongo ni fupi! Kila siku chenyewe ni fupi, fupi, fupi. Hakijui kama mvua imenyesha. Hakijui kama daraja lina kingo au halina, kama lori limebeba saruji au limebeba manyoya. Ukiingia nacho bondeni kinanyamaza, ukitoka kinakwambia rudi ulikotoka, kana kwamba kosa ni lako. Kile hakijawahi kukanyaga tope hata siku moja."

"Ni kweli," Thobile alisema. "Hayo yote ni kweli, Baba, sibishi. Na waliochora ramani yake huku hawajafika. Lakini kwenye ukungu kinajua ulipo. Hakisinzii, hakilewi. Na ukikosea njia mara kumi, mara kumi kinakuelekeza upya. Hakikutukani, hakinuni, hakina kinyongo. Langa alikuwa peke yake barabarani, na kila alipokiuliza kilimjibu. Niambie, ni watu wangapi unaowajua walio hivyo?"

"Ramani kachanika tena," Falakhe alisema, akijaribu mzaha. Hakuna aliyecheka.

&nbsp;

Maneno hayo yalikuwa na kisa chake. Krismasi iliyopita Langa alikuja na kielekezi kipya, akakiita mke mdogo kwa sababu ya ile sauti ya kike iliyokuwa ikisema ndani yake. Ua ulikuwa umejaa wageni, na pombe ya mtama ilikuwa imekwisha ladha ikabaki kelele. Mzee akasema hakuna mke mdogo wala mkubwa atakayemfundisha yeye njia ya Ulundi. Wakabishana, wakashindana kweli, kila mmoja na gari lake. Mzee alipofika, aliwakuta Langa na Falakhe wameshaketi kwenye kibaraza cha duka, soda zao zimefika nusu. "Jamani, Ramani kachanika!" Falakhe alipiga kelele, na msemo huo ukarudi naye nyumbani, ukazunguka kijiji, ukamfikia hadi kanisani. Langa alicheka pamoja na wengine. Aliomba radhi baadaye, lakini alikuwa ameshacheka.

Tangu siku hiyo mzee alimjibu mwanawe kwa neno moja moja.

Na Jumapili ya ajali, saa kumi na moja jioni, simu yake ililia. Alikuwa zizini peke yake. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu mchana.

"Baba, shikamoo. Niko hapa kwenye kile kiwanda cha mbao cha zamani. Hii mashine inasema nipite msituni, nitakuwa nyumbani kabla ya giza. Wewe si uliwahi kupita huko na basi, mwaka ule wa mafuriko? Lile daraja la Manzimnyama likoje kwenye mvua?"

Alilijua. Alilijua vizuri mno. Lilikuwa bamba la zege lisilo na kingo, juu kidogo tu ya kijito, na mvua ya nusu siku ililifunika, usione pa kukanyaga. Mwaka ule aliwateremsha abiria wote, akangoja kwa muda wa saa sita maji yapungue. Jibu lilikuwa neno moja tu: usipite.

"Si una mke wako wa kioo?" alisema. "Muulize yeye. Yeye anajua kila kitu."

"Baba, kuuliza si ujinga. Nakuuliza wewe."

Mzee akakata simu. Alikata akatabasamu, Mungu amsamehe, akawafungia ng'ombe wake mlango. Alidhani kijana atapiga tena, na akipiga tena atamwambia. Simu haikulia tena.

Basi huyo ndiye mtu aliyekwenda polisi kuuliza mahali. Mahali alipajua. Alipajua tangu Jumatatu alfajiri, walipoletewa habari. Lakini angesema nini? Akisema ni pale Manzimnyama, MaXulu angemuuliza umejuaje, na MaXulu alikuwa mtu wa kuuliza swali moja na kulingoja jibu lake.

&nbsp;

Ijumaa asubuhi Falakhe aliukata mkunazi nyuma ya zizi, tawi la urefu wa mkono, lenye miiba ya jozi, mmoja umenyooka na mwingine umepinda. Alimkabidhi kaka yake kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye baba. Ukimwita atakujua sauti. Ukishalinyanyua tawi pale alipofia, husemi na mtu aliye hai hadi ulilaze nyuma ya nyumba ya mama, pale pa wazee wetu. Unasema naye tu. Kila mto, kila njia panda, unamwambia. Asipoambiwa, atashukia njiani."

"Nayajua, Falakhe."

"Najua unayajua. Nakukumbusha." Kisha akapunguza sauti. "Na kama mna neno baina yenu, mlimalize huko huko. Maiti mwenye kinyongo hapandi tawi."

Mzee alimtazama akidhani anajua kitu. Falakhe hakujua kitu. Alikuwa akisema tu yanayosemwa.

Walikwenda wawili, Thobile akiendesha, mzee nyuma na tawi mapajani, na pembeni yake kiti kitupu walichomwachia Langa. Kielekezi kilikuwa kimebandikwa kwenye kioo cha mbele. Kilisema geuka, wakageuka. Kilisema endelea kilomita tisa, wakaendelea. Walipoiacha lami waliingia msituni kwa lango lililokuwa wazi bila mlinzi, wakateremka hadi kwenye kivuko cha mawe ambapo maji hayakufika hata nusu ya tairi, wakapanda upande wa pili. Njia panda zilikuwa nyingi, zote zimefanana, mikaratusi mistari kwa mistari, na ile sauti ya kike haikubabaika hata mara moja.

"Unaona?" Thobile alisema. "Bila hiki tungezunguka hadi Pasaka."

"Naona."

"Najua hukipendi. Lakini leo kishukuru kidogo, Baba. Hata kimoyomoyo."

Mzee akaitazama shingo ya binti yake, akasikia anataka kusema. Kielekezi kikasema wamefika.

&nbsp;

Daraja lilikuwa pale pale, bamba lile lile. Maji yalikuwa yamepungua, yamebaki ya kahawia. Chini kidogo, kwenye majani yaliyolala, ilionekana njia pana ambamo lori lilivutwa kutolewa, na mfuko wa saruji uliopasuka na kuganda kwa umbo lake. Mawingu yalikuwa yameshuka tena juu ya miti, na matone ya kwanza yakaanza.

Mzee alivua kofia na viatu. Akashuka hadi ukingoni, akalilaza tawi juu ya matope, akaita kama alivyofundishwa na baba yake.

"Langa wa Ntshangase. Mimi ni baba yako. Tumekuja kukuchukua. Hapa si kwenu. Inuka, twende nyumbani."

Alingoja, kisha akainama kulinyanyua tawi. Lilinasa. Miiba iliyopinda ilikuwa imeshika majani na mizizi, kila alipoifungua huku ikashika kule. Akavuta, akachomwa, damu ikamtoka kidoleni.

"Vuta, Baba," Thobile alisema kutoka juu. "Mvua inakuja."

Mzee akaliacha. Akapiga magoti kwenye tope.

"Najua," alisema. Hakuwa akisema na Thobile. "Najua una neno na mimi. Ulinipigia, mwanangu. Ulikuwa pale kiwandani, ukaniuliza daraja hili. Nililijua. Nilijua kwamba ukilipita kwenye mvua hutoki. Nikakwambia kamuulize mke wako wa kioo, nikakukatia simu. Kwa ajili ya kicheko, Langa. Kwa ajili ya soda na kicheko cha Krismasi. Kile kifaa kilikupoteza kwa kutojua. Mimi nilijua. Basi kama hutaki kuja nami, una haki. Lakini mama yako hana kosa. Njoo kwa ajili ya mama yako."

Alilia pale, mtu mzima wa miaka sitini na nane, bila kujifuta. Kisha akaifungua miiba mmoja mmoja, kwa subira, akalinyanyua tawi. Safari hii lilikuja.

Alipogeuka, Thobile alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake. Mvua ilikuwa ikimpiga usoni naye haizuii.

"Ulijua?" alisema.

Mzee akamtazama.

"Baba, nakuuliza! Alikupigia simu, ukajua, ukanyamaza? Na jana, Mama alipokuwa anakuuliza mahali, ulikuwa unapajua? Ulimwacha apige makofi mbele za watu, nawe unajua?"

Tawi lilikuwa mkononi. Kusema na aliye hai kungekuwa kumwacha Langa pale pale matopeni. Akafumba mdomo, machozi yakamshuka. Thobile alimkaribia kama anayetaka kumpiga. Mkono ulipanda kweli, ukaishia hewani, kwa sababu lile tawi lilikuwa kati yao.

"Panda garini," alisema. "Pandeni."

&nbsp;

Aliendesha kwa hasira, na barabara ilikuwa imeanza kuteleza. Mzee nyuma alisema na tawi kwa sauti ya chini. "Tunaondoka Manzimnyama, mwanangu. Mto tunaupa mgongo. Mbele kuna kilima kidogo." Thobile akaongeza sauti ya kielekezi ili asimsikie. Mvua ilikuwa imefungua sasa, vifuta kioo havifui dafu.

Walikaribia njia panda iliyo juu ya kile kivuko cha mawe. Sauti ya kike ikasema, vizuri kabisa, bila wasiwasi wowote, kwamba baada ya mita mia tatu wageuke kushoto.

Mzee aliinua kichwa. Kushoto kulikuwa na mteremko wa udongo mwekundu, na chini yake kile kivuko walichokivuka asubuhi. Mvua ya saa nzima huku chini ilikuwa mvua ya saa tatu kule milimani. Alijua kivuko kimekwisha kuwa mto, na mteremko ule ukishauingia kwenye utelezi hakuna breki ya kukuzuia. Kiganja chake kikainuka kumgusa binti yake begani, akakirudisha. Taa ya upande wa kushoto ilikuwa imeanza kuwaka na kuzima.

"Langa!" alipaza sauti. "Langa, mwanangu, usigeuke kushoto! Unanisikia? Usigeuke kushoto. Kivuko kimejaa. Mvua ikinyesha hapa, njia ni ya juu, mkono wa kulia. Ni ndefu, lakini ina changarawe. Shika kulia, mwanangu. Usiende haraka. Usigeuke kushoto."

Gari lilisimama pale katikati ya njia panda. Kielekezi kikasema kushoto tena. Thobile alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Kutoka bondeni, kupita kelele za mvua, ulisikika mvumo wa maji yanayobeba mawe.

Alinyoosha mkono, akakichomoa kielekezi kwenye umeme. Akashika kulia.

"Vema, Langa," mzee alisema. "Sasa kuna kona mbili. Ya kwanza pole pole. Hapo kulia kuna mtaro, ukae mbali nao. Hivyo hivyo. Hivyo hivyo, mwanangu."

Akamwongoza hivyo msitu mzima. Kila jiwe la barabara ile lilikuwa bado kichwani mwake, na yote aliyotakiwa kuyasema Jumapili aliyasema Ijumaa. Thobile alifuata kila neno. Hakugeuka hata mara moja.

Kwenye lango la juu palikuwa na mlinzi mwenye koti la mvua na daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Akainama dirishani.

"Mmeingilia chini? Bahati yenu hamkurudi huko, hakupitiki. Mko wangapi?"

"Watatu," Thobile alisema.

Mlinzi akachungulia nyuma. Akaliona tawi, akauona mguu wa mzee usio na kiatu, na kile kiti kitupu. Alivua kofia, mvua ikamwagika kwenye kipara chake.

"Watatu," alirudia, akaandika. Akawafungulia.

&nbsp;

Walipofika nyumbani mwili ulikuwa umeshawasili, hema limesimama, na watu walikuwa wakiimba. Nyimbo zilikoma mzee aliposhuka. Alipita katikati yao akisema, "Huu ni ua wenu, Langa. Hawa ni watu wako. Mlango ni huu, inama," na watu wakampisha. Aliingia nyumba ya mama, akaenda hadi nyuma kabisa, pale ambapo wazee waliotangulia wana mahali pao, akalilaza tawi kando ya jeneza.

MaXulu alikuwa amesimama mlangoni na Thobile.

"Amekuja?" akauliza, kwa kunong'ona.

"Amekuja, Mama."

"Hakusumbua?"

"Mwanzo. Baadaye akakubali."

MaXulu akashusha pumzi aliyokuwa nayo tangu Jumatatu. Akamwona binti yake ameshika kielekezi, akakichukua, akakikausha kwa aproni yake, akakibusu. Ndiyo, alikibusu kile kitu mbele za watu.

"Niliwaambia mimi," alisema. "Baba yenu alikuwa anakikataa, lakini hiki ndicho kilichomtafuta mwanangu. Bila hiki nani angetuonyesha? Nani mwingine alipajua? Falakhe, tutamzika nacho. Kikae karibu na mkono wake."

"Wazo zuri, shemeji," Falakhe alisema. Alikuwa amekuja na beseni la maji yaliyotiwa nyongo ya mbuzi. Mzee akatumbukiza mikono, akanawa, damu na tope vikatoka, Falakhe akampa kitambaa. Desturi ilikuwa imekwisha. Mtu aliyenawa ni mtu wa kawaida, anaweza kuomba chai, anaweza kumsalimia jirani.

Nomcebo alikuwa amesogeza pazia. Wanawake walikuwa wakingoja wimbo uanze upya, na mmoja alikuwa ameshaitafuta sauti. Thobile akainua mkono kumzuia.

"Ngojeni kidogo," alisema. Alikuwa akimtazama baba yake, na macho yake hayakuwa na huruma, wala hayakuwa na chuki. "Baba ameshanawa, Mama. Sasa anaweza kusema na walio hai."

MaXulu akageuka, kielekezi bado kiko kifuani mwake.

"Unataka kusema nini, Baba Langa?"

Mzee alitazama lile tawi, kisha akamtazama mkewe. Mlango ulikuwa wazi, na nje palikuwa na watu mia moja na njia ya kutokea.

"Kaa chini, MaXulu," alisema. "Jumapili alinipigia simu."